Bangi ilivyoingizwa ndani: kutoka mlangoni mwa kibanda hadi kabatini Denver



Mwisho wa Februari mdogo wangu aliyeko Denver alinipigia simu saa saba za usiku. Miaka kumi na moja yupo Marekani na bado hajui kuwa Toronto tunamtangulia kwa saa mbili. Alikuwa anataka shauri la bustani. Mie kazi yangu ni kusomesha historia, lakini katika ukoo wetu sifa yangu kubwa ni kuwa kila mwaka naotesha mchicha, pilipili na tungule ndani ya nyumba kabla theluji haijayeyuka, halafu mwezi wa tano naitoa nje. Basi akaniambia: "Kaka, miche yangu imerefuka kama uzi, halafu mmoja umelala chini haunyanyuki. Nimekosea wapi?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Mche ukirefuka kama uzi maana yake taa iko mbali, unaunyanyukia mwangaza. Mche ukilala kwenye shina pale juu ya udongo, hapo umeumwagia maji kama unaotesha mpunga, shina limeoza. Teremsha taa, acha udongo ukauke juu, weka pangaboi dogo liutikise mche kidogo upate nguvu. Ndipo nikauliza: miche ya nini hiyo, bamia? Kimya. "Ya dawa," akasema. Ana sukari ya siku nyingi, miguu inamwaka moto usiku hapati usingizi, na mtu kazini kamwambia bangi inamsaidia. Kanunua mbegu kwa risiti, kanunua taa, kazitia kabatini. Akaongeza haraka haraka: "Huku ni halali, Kaka. Kila mtu mzima miti sita. Ipo kwenye katiba ya jimbo."

Ni kweli ipo. Marekebisho ya 64 ya katiba ya Colorado yalipigiwa kura Novemba 2012, na yanampa mtu wa miaka 21 na zaidi ruhusa ya miti sita, mitatu tu kati ya hiyo ikiwa imetoa maua. Lakini mie nilimuuliza jambo jingine: "Na makaratasi yako ya uraia?" Akasema ameshayajaza, bado kuyatuma.

Hilo la makaratasi nitalirudia, kwani ndilo lililonikalisha chini niandike. Kabla ya hapo nataka tufuatane katika suali ambalo usiku ule lilinikosesha usingizi mimi badala yake. Mmea huu ulifikaje kabatini? Maana kwetu si desturi kuuotesha kabatini.

Burton alipopita bara na Speke, 1857 hadi 1859, aliikuta bangi imejiotea milangoni mwa vibanda vya watu kama sisi tunavyoweka mlangilangi, na ameiandika katika kitabu chake cha 1860. (Burton mnamjua, maneno yake kuhusu watu wetu ni ya kuchukiza, lakini kwenye mimea alikuwa na jicho.) Wala haikuwa ngeni hata wakati huo. Katika pango la Lalibela huko Ethiopia wachimbuaji walipata vichwa vya buruma vya udongo vya karne ya 14 vyenye mabaki ya bangi. Jina letu lenyewe lina harufu ya Bahari ya Hindi: Wahindi wanasema bhang, Waajemi bang. Waarabu wanalo neno banj, ila katika vitabu vyao vya tiba mara nyingi linakusudia mmea mwingine kabisa, na wasomaji wengi wa maandiko ya kale wameteleza hapo. Ukiingia Kongo na Angola majina yanabadilika, utasikia riamba na diamba, na watumwa waliovushwa Atlantiki walikwenda na jina hilo mpaka Brazil.

Na huko Kongo kuna kisa ambacho watu wa pwani tungepaswa kukijua zaidi. Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, walifika kwa Washilange wa Kasai, chini ya mfalme wao Kalamba Mukenge. Waliwakuta watu waliojiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walikuwa wameacha hirizi za zamani, wameacha tembo la mnazi pori, na jioni wanaume walikusanyika uwanjani kuvuta pamoja kwa buruma kubwa. Mkosaji naye aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Wissmann akaendelea na safari kupitia Nyangwe, mji wa Waarabu na Waswahili, akatokea baharini Saadani mwaka 1882. Ndiyo, ni Wissmann huyo huyo. Miaka saba baadaye alirudi na bunduki, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani. Aliyetuandikia juu ya wana wa bangi kwa mshangao wa mgeni ndiye aliyetutia kamba shingoni.

Nimeyataja haya ili tuone kitu kimoja: popote pale mmea ulikuwa nje. Mlangoni, uwanjani, shambani. Suala la halali na haramu lilikuwepo, na kwa Waislamu lilizungumzwa zamani sana. Az-Zarkashi, aliyekufa Misri mwaka 1392, ana risala nzima ya kuharamisha hashishi, na sina elimu ya kumuongezea. Lakini hata aliyeharamisha kuvuta hakuwaza kuwa mmea utafichwa chumbani na kumulikwa kwa taa. Jua lilikuwepo bure.

Wa kwanza ninayemjua kuikalisha ndani bangi kwa kuichunguza alikuwa Mfaransa aliyetaka kujua mambo ya maua tu. Julien Tournois, Paris, mwaka 1912. Alipanda mbegu za bangi na za humulus, ndugu yake bangi, ndani ya banda la vioo wakati wa baridi. Miche ikamstaajabisha. Badala ya kukua kwanza, ikatoa maua ingali midogo, urefu wa kidole. Tournois akatafuta sababu, akaona si joto wala si udongo, bali ni ufupi wa mchana wa majira ya baridi. Aliuawa katika vita vilivyoanza 1914, kazi yake haijakamilika. Wamarekani wawili, Garner na Allard, wakalifikia jambo lile lile kwa tumbaku na soya na kulitangaza mwaka 1920, na sifa zote wakapewa wao. Mimi nasema Tournois kadhulumiwa. Kila anayelima ndani leo anatumia alichokiona yeye: mpe mche mwangaza wa saa 18 kwa siku utakua majani tu, mpunguzie mpaka 12 kwa 12 utadhani vuli imefika na utatoa maua. Mdogo wangu alikuwa na saa ya umeme inayowasha na kuzima taa, na hajapata kulisikia jina la Tournois.

Banda la vioo la Paris lakini halikumfanya mtu yeyote alime ndani. Iliwachukua miaka sitini zaidi, na aliyewasukuma ni polisi.

Sheria nazipita mbio kwani wengi mnazijua. Mwaka 1925 Geneva, mjumbe wa Misri Mohamed El Guindy alisimama kudai hashishi itiwe katika mkataba wa afyuni, na ikatiwa. Makoloni yakafuata. Marekani ikaleta sheria yake ya kodi ya bangi mwaka 1937, kodi kwa jina tu. Mpaka hapo wakulima wa kificho bado wako nje, milimani na mahindini.

Sasa ingieni nami miaka ya 1970, maana hapo mambo mawili yalitokea pamoja, na kila moja lilisukuma upande wake.

La kwanza ni nyumba. Mwanasheria wa Alaska, Irwin Ravin, alikamatwa garini na bangi Anchorage, na akaamua kesi ifike mwisho. Mei 1975 Mahakama ya Juu ya Alaska ikatoa hukumu ya ajabu: kwenye gari hatukukulinda, lakini katiba ya jimbo hili inalinda faragha, na hakuna mahali faragha ina uzito kama nyumbani kwa mtu. Mtu mzima akiwa na kiasi kidogo nyumbani kwake kwa matumizi yake, dola haina sababu ya kutosha ya kuingia. Mwaka huo huo Washington, Robert Randall, kijana mwenye presha ya macho iliyokuwa inampofua, alikamatwa kwa miti michache aliyoiotesha kwake. Akajitetea kuwa bila ya dawa hiyo atakuwa kipofu, na Novemba 1976 jaji akamkubalia kuwa ilikuwa dharura. Matokeo yake serikali ile ile iliyomshitaki ikawa inampa sigara za bangi iliyolimwa Chuo Kikuu cha Mississippi. Kwa hiyo fikra kwamba nyumba ni ngome iliingia katika suala hili mapema, na iliingia kwa mlango wa mahakama.

La pili ni helikopta. Toka mwisho wa 1975 Mexico, kwa msaada wa Marekani, ilinyunyizia mashamba ya bangi sumu ya parakwati kutoka angani, na kufika 1978 wavutaji wa Marekani walikuwa na hofu ya kuvuta sumu. Wengi wakaona bora walime wenyewe. Wakalima California ya kaskazini, kwenye misitu ya Humboldt, Mendocino na Trinity. Basi mwaka 1983 serikali ya jimbo na ya shirikisho wakaanzisha kampeni iliyoitwa CAMP, helikopta zikawa zinazunguka kila msimu wa mavuno, askari wanateremka na mapanga. Mti wa bangi wa aina za kitropiki unafika mita tatu na zaidi, hauna pa kujificha. Pa kujificha pakawa ni chini ya dari.

Hapo ndipo taa zikaingia. Taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa zinazomulika barabara, zikaanza kuning'inizwa vyumbani. Mbegu nazo zikabadilika. Vijana waliopita njia ya barabara hadi Afghanistan (njia hiyo ilikatika mwaka 1979, Iran kwa mapinduzi na Afghanistan kwa Warusi) walirudi na mbegu za milimani, za mti mfupi mnene unaokomaa haraka. Zikachanganywa na mbegu ndefu za Mexico na Colombia, ikapatikana miti inayoweza kusimama kabatini. Kazi hiyo ilianza California ikahamia Uholanzi, ambako sheria ya 1976 ilikuwa imelegeza kamba kwa viasi vidogo. Oktoba 1989 polisi wa dawa wa Marekani wakavamia maduka ya vifaa vya bustani katika majimbo 46 kwa siku moja. Fikirieni, maduka ya taa na mbolea! Walioshika hoja kuwa kilimo cha ndani kilianzishwa na wataalamu wa kilimo hawajaiangalia hiyo tarehe. Hakuna mkulima mwenye akili anayelizima jua akanunua taa, ila kama jua linamsaliti.

Nilimweleza mdogo wangu haya kwa simu akacheka. "Kwa hiyo kabati langu limejengwa na polisi?" Nikamwambia kwa kiasi kikubwa ndiyo.

Na gharama yake haikuwa ndogo. Mtafiti Evan Mills alipiga hesabu mwaka 2012 akakuta kilimo cha ndani cha bangi kinakula karibu asilimia moja ya umeme wote wa Marekani, wa thamani ya dola bilioni 6 kwa mwaka. Mmea uliokuwa unajiotea mlangoni mwa kibanda huko bara! Kuna gharama nyingine inayoniuma zaidi. Uingereza, nyumba za kupanga ziligeuzwa mashamba, madirisha yamezibwa, umeme umeibwa kabla ya mita, na ndani wakawekwa watoto wa Kivietinamu waliosafirishwa kwa magendo ili wamwagilie maji usiku na mchana. Polisi wakivunja mlango wanaokamatwa ni hao watoto, wenye mali hawapo. Walihukumiwa kama wahalifu, na ni mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilipofuta hukumu za baadhi yao na kusema walikuwa wahanga. Sheria ya utumwa mamboleo ya 2015 ikaweka kinga yao katika maandishi. Sisi tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki, ukitutajia mtoto aliyefungiwa nyumba ya mtu kulinda mali ya mtu, hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mtu atasema: sasa mambo yamefunguliwa, mmea urudi nje. Haukurudi. Hili ndilo lililonishangaza niliposoma sheria mpya moja baada ya nyingine. California ilihalalisha Novemba 2016 na kuruhusu miti sita kwa nyumba, lakini miji ilipewa uwezo wa kukataza kulima nje, na haikupewa uwezo wa kukataza kabisa kulima ndani. Colorado inataka miti iwe mahali palipofungwa kwa kufuli. Canada yetu hii ilihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, miti minne kwa nyumba nzima hata mkiwa watu kumi, na Quebec ikakataa hata hiyo minne. Wakapelekana mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2023 Quebec ikashinda. Ujerumani toka Aprili 2024 ni miti mitatu kwa mtu mzima, na lazima ilindwe watoto wasiifikie. Sheria imefungua mlango wa gereza ikaacha mlango wa kabati umefungwa. Ufunguo tu ndio uliohama mkono.

Afrika Kusini peke yao ndio walioutazama mlango wenyewe. Gareth Prince, Rasta aliyenyimwa uwakili kwa sababu ya bangi, alishindwa mwaka 2002 kwa kura 5 dhidi ya 4. Hakuchoka. Mwaka 2017 mahakama ya Cape ikasema mtu mzima anaweza kuitumia na kuilima katika makazi yake ya faragha. Kesi ilipofika Mahakama ya Katiba, Septemba 2018, Jaji Zondo akaandika kwa niaba ya wote kuwa makazi ni finyu mno, iseme mahali pa faragha, kwani faragha ya mtu haiishi kwenye ukuta wa nyumba yake. Uwanja wenye ua ukaingia. Ni neno moja tu limebadilishwa, lakini kwa neno hilo mche umerudishwa juani.

Kwetu Tanzania na Kenya bado ni jinai, na kwa kawaida haulimwi ndani kwa sababu hakuna haja: jua lipo, umeme ni ghali na unakatika. Arumeru na Tarime mashamba yanafyekwa na kuchomwa, na yanapandwa tena juu zaidi mlimani. Ndugu zetu wa Maskati na Ghuba sina haja ya kuwaambia kitu, wanajua wenyewe kuwa huko mchezo huu haupo.

Sasa nirudi Denver.

Mdogo wangu anaamini anayoyaamini Ravin: yumo nyumbani kwake, hamuuzii mtu, jimbo limemruhusu. Lakini soma kesi ya Raich. Agosti 2002 polisi wa shirikisho walifika nyumbani kwa mama mmoja wa California, Diane Monson, aliyekuwa na miti sita kwa maumivu ya mgongo, kwa ruhusa ya daktari na sheria ya jimbo. Askari wa wilaya waliokuwepo walisema hana kosa. Wakabishana saa tatu nzima, kisha wa shirikisho wakaing'oa miti yote sita. Yeye na mgonjwa mwenzake Angel Raich wakashitaki. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawashinda kwa kura 6 dhidi ya 3. Na hoja yake mnajua ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ngano. Mwaka 1942 mkulima wa Ohio, Roscoe Filburn, aliyeruhusiwa eka 11.1 za ngano akapanda 23, alisema ziada ni ya kula yeye na mifugo yake. Mahakama ikamwambia: ngano uliyoila mwenyewe ni ngano ambayo hukuinunua, na ukiwajumlisha wote wanaofanya hivyo, umegusa biashara baina ya majimbo. Basi miti sita ya Bi Monson, ambayo haijauzwa wala haijavuka mpaka, ikawa ni biashara baina ya majimbo. Ngome ya nyumba ikavunjwa na gunia la ngano.

Raia wa kuzaliwa wa Denver haimsumbui sana, nani atakwenda kumvunjia mlango kwa miche mitatu. Mwenye grini kadi ni mwingine. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwa maafisa wake, maneno yake yako wazi: bangi ni kosa la shirikisho hata jimbo likihalalisha, na linaweza kumzuia mwombaji kuthibitisha kuwa ana tabia njema. Msamaha uliopo ni mwembamba, kukutwa mara moja na gramu 30 au pungufu kwa matumizi yako. Kulima haumo. Na fomu ya maombi, ambayo mtu anaiapia, inauliza kama umewahi kulima dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria ya jimbo, ya shirikisho au ya nchi ya kigeni. Haiulizi kama umekamatwa, wala kama bado unalima. Inauliza kama umewahi.

Hapo ndipo nilipokosa la kumwambia. Usiku ule nilitaka kumwamrisha aing'oe miche alfajiri hiyo hiyo, kaka mkubwa kama nilivyo, kisha nikaona kuwa kuing'oa hakufuti kitu. Mbegu ikishatia mzizi kwenye karatasi yenye maji, neno "umewahi" limeshatimia. Akijibu hapana, amesema uongo chini ya kiapo, na hilo peke yake linaweza kumpokonya uraia miaka mingi baadaye. Akijibu ndiyo, amemwandikia afisa sababu ya kumkatalia, na kwa mwenye grini kadi kukiri kosa la dawa kunaweza kufungua mlango mbaya kuliko kukataliwa. Nimeona vijana wetu wakijivunia picha za mikebe yao kama mtu aliyezaa mapacha, na nusu yao makaratasi yao bado yako ofisini kwa watu. Ndiyo maana nimeandika kirefu hivi. Mie si mwanasheria, na msichukue neno langu badala ya wakili wa uhamiaji. Mchukue tu kuwa suali lipo, na lina neno "umewahi" ndani yake.

Alikwenda kwa wakili wiki ya pili. Wakili hakumuuliza anavuta kiasi gani, wala miguu inamuuma vipi. Alimuuliza tarehe aliyotia mbegu majini, akaiandika juu ya karatasi tupu, akamwambia asitume fomu mpaka wazungumze tena. Fomu iko kwenye droo, picha za pasipoti zimebanwa juu yake. Jumapili iliyopita alinipigia tena, saa saba za usiku kama kawaida, akasema miguu bado inawaka. Juu ya miche hakusema kitu, na mie sikumuuliza kwenye simu.